Nafasi Zisilingane

Jumapili, Aprili. Kitengela. Mvua imenyesha tangu alfajiri, na udongo wetu mweusi umenivua kiatu mara mbili kutoka nyumbani mpaka hapa saiba, kwa kompyuta za kukodi. Hali ya moyo: nimekasirika. Nimekasirika tangu Jumatano.

Shajara, usiniambie nitulie.

Leo kanisani tumeitwa mbele, mimi na Baba. Mchungaji amesema, "Huyu mwalimu wetu amepiga jua picha akiwa kwa shamba la babake, na chuo kikuu kimemchukua! Si tumpigie Mungu makofi?" Makofi yakapigwa. Kina mama wakapiga vigelegele. Baba, ndani ya koti lake la kahawia la harusi na matanga, akasimama wima akapungia watu mkono kama mheshimiwa. Mimi nikatabasamu kama mtu anayeumwa na jino.

Kwa sababu hiyo picha ni ya uongo.

Wacha nianze mwanzo, maana nikianza na hasira sitafika mahali.

Mimi nafundisha fizikia katika shule ya bweni ya wasichana kule Kajiado mjini. Mwaka jana niliomba kusoma shahada ya pili. Nafasi ilikuwa moja tu na waombaji tulikuwa wengi, kwa hivyo jopo likasema kila mtu alete kitu alichofanya kwa mikono yake. Nikasema nitaleta picha ya jua. Si kwa kamera. Kwa mawimbi ya redio, na disi mbili za TV. Watu wawili walicheka. Lakini wakaniazima, kwa mwezi mmoja, ile mashine inayounganisha disi mbili na kuchora mawimbi kwenye karatasi.

Nitaeleza hii kitu pole pole, kwa sababu hasira yangu yote imekaa ndani yake.

Disi moja ndogo haioni sura ya jua. Inajua tu kwamba jua lipo, kama vile wewe ukiwa umefumba macho unajua liko. Lakini ukiweka disi mbili kwenye mstari wa mashariki na magharibi, zikitazama juu, jua likipita kalamu ya mashine inapanda na kushuka, inapanda na kushuka. Umbali kati ya hizo disi ndio unaamua unapata nini. Zikiwa karibu, unapata mistari minene tu ya ile sura, umbo kwa jumla. Zikiwa mbali, unapata mistari myembamba, alama ndogo ndogo. Kila umbali unakupa unene mmoja, basi. Halafu unakaa chini unajumlisha mistari ya kila unene, na jumla yake ndiyo picha. Unene ambao hukupima, huna. Hata ufunge na kuomba, huna.

Kwa hivyo kazi yote iko kwa nafasi. Nguzo tano za kusimamishia disi zinatoa jozi kumi. Ukizipanda kwa akili, kila jozi inakuwa na umbali wake peke yake, na unapata unene wa aina kumi kwa nguzo tano tu. Nilikaa na hesabu hiyo likizo nzima ya Desemba. Nikaamua: 0, 1, 4, 9, 11. Mita, kutoka nguzo ya kwanza.

Ukizipanda sawa sawa kama nguzo za fensi, jozi bado ni kumi, lakini umbali ni wa aina nne tu. Hizo zingine ni kurudia kile kile.

Sasa Baba.

Baba alipanda nguzo za simu maisha yake yote ya kazi. Ukipita naye barabara ya Namanga atakusimamisha akuonyeshe laini aliyoipanda yeye, utafunga jicho moja na nguzo zote zitajificha nyuma ya ile ya kwanza. Kwake nguzo zilizoachana vibaya ni aibu. Ni kazi ya mlevi. Akiona fensi ya jirani imepinda anakosa hamu ya chakula, si mzaha.

Mimi nilikuwa zamu shuleni na sikuweza kutoka kwa wiki tatu. Nikamwachia kikaratasi mezani, nimeandika "0 1 4 9 11", hakuna kingine. Nikiwa tayari Kajiado nikamtumia meseji: "Baba, nguzo 5 ndani ya mita 11, mashariki-magharibi, weka simiti kwa sababu ya huo udongo. Nafasi zisilingane."

Zi-si-lingane.

Baba alisoma, akaona hiyo "si" ni kidole kimeteleza. Akasema moyoni, huyu mtoto ana kazi nyingi, amekosea. Akaitoa. Silabi moja, akaitoa vile unatoa jiwe kwa mchele, na akaendelea na kazi yake. Na kile kikaratasi? Alifikiri ni namba ya simu ya mtu, nimeikatiza katikati. Akakikunja akakiweka ndani ya Biblia yake, ati nisikipoteze.

Haki ya nani.

Nilimpigia simu. Hiyo ndiyo inanichoma. Nilimuuliza, "Baba, umeweka vile nilisema?" Akasema, "Nimeweka, na kale kakosa nimerekebisha." Kengele ya darasa ikalia, network ikakatakata, nikasema asante sana Baba. Sikuuliza kakosa gani! Mimi, ambaye mwanafunzi akiniandikia jibu bila kipimo namrudishia kitabu.

Alifanya kazi siku kumi, siku moja jozi moja. Jua la Kitengela mwezi wa tatu linafika utosini kama saa saba kasoro dakika ishirini, na kila siku saa hiyo Baba alikuwa kwa kiti chake cha mbao, kofia kichwani, anaangalia kalamu ikichora. Kesho yake anahamisha disi kwa jozi nyingine na kuziinamisha kidogo kufuata jua. Jirani yetu Mmaasai alisimama kwa geti, wakasalimiana supa, ipa, kisha akamuuliza kwa upole kama tumeanza kukata ploti. Maana huku kwetu, siku hizi, ukiona vitu vimesimama kwa mstari kwenye nyasi unajua shamba limeuzwa. Baba akamwambia, "Hapana, tunapima jua." Akaniambia hiyo hadithi kwa simu akicheka mpaka akakohoa.

Ijumaa ya mwisho akairudisha mashine chuoni yeye mwenyewe, akiwa ameifunga kwa blanketi. Karatasi kumi akazituma Kajiado na dereva wa gari la mkate.

Nikazifungua katika chumba cha walimu. Nne zilikuwa na mawimbi sawa kabisa. Tatu zingine zilikuwa sawa zenyewe kwa zenyewe. Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri Baba amedanganya. Nilifikiri amelala ndani kwa kivuli, akachora karatasi moja na kuinakili. Naandika hapa kwa sababu ni kweli, na kwa sababu sijamwambia.

Jumamosi nikapata ruhusa nikaja nyumbani. Nikaingia kwa geti. Nguzo tano, zimepakwa chokaa nyeupe, zimesimama kama askari wa gwaride, na kati ya moja na nyingine mita mbili na robo tatu, wala sentimita moja haijazidi. Zote zimeshikwa na simiti. Baba alikuwa amesimama kando, mikono nyuma.

"Eeh, mama? Unaonaje?"

Ananiita mama kwa sababu nina jina la mamake. Jaribu kumkasirikia mtu anayekuita mama.

Nikasema ni nzuri, Baba. Nikaenda nyuma ya nyumba nikapiga debe teke. Kidole kikavimba.

Nikapiga hesabu upya na umbali wa kweli. Badala ya kilima kimoja, yaani jua moja, nikapata safu ya vilima vinavyofanana, vimeshikana miguu, kama milima ya Ngong ukiitazama kutoka Matasia. Jua ni lile lile moja. Ni hesabu inarudia, kwa sababu nafasi zinaenda kwa hatua moja ile ile, na hizo karatasi hazina njia ya kukuambia kilima gani ndicho chenyewe. Hiyo si mbaya sana, mtu angesema chukua kimoja. Ubaya ni kwamba vilima vyenyewe vinakanyagana. Ukingo wa mashariki wa jua moja umelala juu ya ukingo wa magharibi wa jua linalofuata. Na hapo hapo kwenye miguu, mahali vinakanyagana, kuna kiuvimbe. Huenda ni kundi la madoa ya jua, kitu chenyewe nilichokuwa natafuta. Kiko mashariki ama magharibi? Hakuna anayejua. Mimi sijui, Baba hajui, na karatasi hazijui.

Nikampelekea mhadhiri anayesimamia maombi yangu chuoni, nitamwita Daktari tu. Nikamweleza yote, nguzo, meseji, kila kitu. Nikamwambia nahitaji mashine siku nne zaidi. Hata nguzo mpya sihitaji! Disi moja ikae kwa nguzo, nyingine naiweka chini kwa kigoda, mita moja, mita nne, nipate tu umbali usiofuata ile hatua, na utata unaisha. Siku nne.

Akasema mashine ina foleni. Akasema jopo linakaa Jumatano. Halafu akavuta kompyuta yake akaniambia, na nayaandika maneno yake vile yalivyotoka: "Si ukate hiyo ya katikati tu? Sema hiyo bump iko magharibi. Nani atajua?"

Akakata yeye mwenyewe. Klik, klik. Vilima vyote vikaisha, kikabaki kimoja kizuri, mviringo, na uvimbe wake upande wa magharibi, umewekwa hapo na kidole cha mtu.

Jumatano picha ikaonyeshwa ukutani. Wale waliocheka hawakucheka. Mzee mmoja wa jopo akavua miwani akasema, "Kwa disi za TV? Na madoa yanaonekana magharibi? Hongera, Mwalimu." Mlango ulikuwa wazi kabisa niseme. Nilikuwa na maneno mdomoni. Daktari akanitazama, akakohoa kidogo.

Nikasema asante.

Alhamisi nikapigiwa simu. Nafasi ni yangu.

Kwa hivyo nimekasirika na nani? Nilikuwa na orodha. Daktari wa kwanza, kwa mkono wake mwepesi. Baba wa pili, kwa kunisahihisha bila kuniambia. Jopo la tatu, kwa kutouliza swali hata moja la maana, kwa sababu mtu yeyote anayejua hii kazi angeuliza kwanza, "Ulipima nafasi ngapi?" Hakuna aliyeuliza. Walitaka kuona jua, wakaonyeshwa jua, wakaenda chai.

Leo tulipofika nyumbani kutoka kanisani Baba akasema ile picha aitie fremu. Ameshaongea na fundi. Itakaa ukutani karibu na picha ya harusi yake na marehemu Mama.

Hapo ndipo niliposhindwa.

"Baba, hiyo picha haiendi kwa ukuta."

"Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu ni uongo! Ni nani alikuambia unisahihishe? Ni nani? Niliandika zisilingane, na nilimaanisha zisilingane!"

Sijawahi kumpazia Baba sauti tangu nizaliwe. Chai ilikuwa mbele yake, akaisukuma kando taratibu. Hakunijibu kwa sauti. Alisema tu, "Nilisahihisha nini? Nionyeshe."

Nikachukua kibiriti nikamwaga njiti mezani. Nikazisimamisha tano kwenye kipande cha sabuni, nafasi sawa, kama alivyopanda. Nikamwambia ahesabu umbali wa kila jozi kwa hatua. Akavaa miwani. Akaweka kidole. "Moja. Moja. Moja. Moja. Mbili, mbili, mbili. Tatu, tatu. Nne." Akainua kidole. "Ni kumi," akasema. Kisha akasema mwenyewe, bila mimi kumwambia, "Lakini ni nne."

Nikazichomoa nikazipanga zangu, 0, 1, 4, 9, 11, kwa alama za rula. Akaanza tena. Moja, nne, tisa, kumi na moja. Tatu, nane, kumi. Tano, saba. Mbili. Midomo yake ilikuwa inatembea. Nikaona uso wake unafunguka, na hiyo ikanikasirisha zaidi, kwa sababu alielewa kwa dakika tano! Dakika tano, na kibiriti! Ningemweleza hii mwezi wa pili, tusingekuwa hapa.

"Sita iko wapi?" akauliza.

"Sita hakuna. Nguzo tano haziwezi kutoa zote, haijalishi uzipange vipi. Hata yangu iko na shimo."

"Na hilo shimo ungelifanyia nini?"

"Ningeandika liko."

Akavua miwani, akaniangalia. "Na hii picha ya ukutani kwa chuo. Umeandika iko na shimo?"

Shajara, sikuandika. Nilimwambia habari ya Daktari, klik, klik, na yule mzee wa hongera. Nilimwambia nilinyamaza. Nilitegemea anihurumie, nakiri. Badala yake alikasirika, na Baba akikasirika haongei kwa nguvu, anaongea kwa ufupi.

"Sisi laini ikienda kando nguzo kumi, tunarudi nyuma nguzo kumi. Hata kama bosi ameshasaini."

"Baba, watanipokonya nafasi."

"Wakipokonya, wamepokonya." Halafu akaongeza: "Na wewe ukome kuniandikia kama kibarua. 'Weka simiti.' 'Zisilingane.' Ungeniambia sababu ningezipanda hata kama chura anavyoruka. Mimi si mjinga. Nilidhani nakusaidia."

Hii ndiyo hasira mbaya kuliko zote, ile ya kukuta mtu uliyemkasirikia ana haki. Nilikuwa nimekuja na orodha ya watu watatu, na jina langu halikuwemo. Nani aliacha kikaratasi chenye namba tupu mezani? Nani alisikia "nimerekebisha" akasema asante? Nani alisimama mbele ya jopo na mdomo wake mzima? Nakasirika nikiandika. Kibodi ya huyu mtu wa saiba inapata shida bure.

Tumekuja hapa pamoja, tukitembea kwenye tope, yeye mbele mimi nyuma. Sasa ameketi kwa kiti cha plastiki kando yangu na lile koti la kahawia, magoti yanagusa meza. Upande wa pili kuna kamati ya harusi wanachapisha kadi na kubishana juu ya maua, nusu wanasema waridi, nusu wanasema yale ya bei rahisi. Nimeandika barua kwa jopo. Nimemwekea Daktari nakala, ajue simzunguki.

Nimeeleza kwamba nafasi zilizopimwa ni nne, si kumi. Kwamba picha waliyoona imekatwa kutoka safu ya picha zinazojirudia. Kwamba ule uvimbe upo, lakini upande wake haujulikani, na yeyote anayesema magharibi, nikiwemo mimi kwa kunyamaza kwangu, amebahatisha. Nimeomba siku nne za mashine. Nimeambatisha karatasi zote kumi, ili wahesabu wenyewe.

Nilipomsomea Baba, akasema kuna kitu kimekosekana. Nikamuuliza nini. Akasema, "Weka kwamba nguzo nilipanda mimi."

Nikamwambia haina haja, kosa ni la maelezo yangu. Akakataa kata kata. Akasema hawezi kuacha mtoto abebe kazi ya mikono yake. Akaniambia niandike vile anasema, neno kwa neno, nisipambe: "Nguzo nilipanda mimi babake. Zimelingana kwa sababu nilifikiri nasaidia. Kama kuna wa kufukuzwa nifukuzwe mimi."

Nikamwambia, Baba, wewe hawakukuandikisha, watakufukuza wapi? Akasema, "Andika."

Nimeandika. Macho yamenijaa, na mtu wa saiba ameniuliza kama nimefiwa.

Daktari atanipigia simu kabla ya jioni, najua, na najua atasema nimejimaliza. Bado nimemkasirikia na sidhani itaisha wiki hii. Kesho asubuhi niko darasani Kajiado, fomu tatu, somo ni mawimbi, na sijatayarisha chochote.

Barua imeenda saa tisa na dakika kumi. Baba ameuliza imefika? Nimemwambia imefika. Kutoka hiyo saa, sijui kama mimi bado ni mwanafunzi wa mtu.